Herufi Zisizo na Miguu

"Kata moja, igeuze."

Hayo ndiyo maneno niliyopaswa kuyakataa. Afisa wa elimu ya watu wazima aliyasema akiwa amesimama mlangoni mwa ghala la kijiji, akijipepea kwa kofia, nami nimechuchumaa sakafuni na mkasi wa bati mkononi. Nilikuwa nimemweleza kwamba madebe aliyoniletea hayatoshi. Nilitaka kila herufi iwe na bati lake, na mengine yalikuwa yameliwa na kutu. Akaichukua karatasi ya herufi, akaielekeza juani ili aione b kwa upande wa nyuma, akacheka kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Ndugu, hii b ukiigeuza si d? Na ukiipindua kichwa chini si p? Unakata tatu za nini? Kata moja, igeuze."

Nilikuwa na sababu ya kusema hapana. Niliijua, tena ilitoka kinywani mwa baba yangu mzazi. Nikasema, "Sawa, ndugu."

Mpaka leo siwezi kukaa kwenye basi kama watu wengine. Macho yanatoka dirishani yenyewe kutafuta mabango. Duka la dawa, saluni, kanisa, mashine ya kukamua alizeti, kibanda cha wakala wa simu, vyote siku hizi vimeandikwa kwa herufi za aina ile ile niliyoikata kwenye madebe ya mafuta ya taa: duara na fimbo, bila miguu wala kofia. Nikiona b, nageuza shingo kuhakikisha tumbo lake liko upande gani. Nikiikosa kwa sababu basi limekimbia, inanisumbua mpaka kituo kinachofuata. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza, "Babu, umepoteza nini huko nje?" Nikamwambia naangalia tusipitilize.

Nilimaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea. Nilirudi nyumbani, upande wa Mtinko, na vitu viwili vya maana: mkebe wenye bikari na rula, na mkono uliozoea michoro ya ufundi. Nilikuta watu wamekwisha kuhamishwa kutoka kwenye matembe yao yaliyotawanyika vichakani na kuletwa katika kijiji kipya kilichopimwa kwa kamba. Nyumba zilisimama mistarini, zote za ukubwa mmoja, milango yote ikitazama barabara. Wiki za mwanzo mzee mmoja alikuwa akirudi kutoka machungani anaingia kwa jirani, anaketi, anaomba maji, na mke wa jirani anampa, kisha anamwambia, "Haya babu, sasa nenda kwako." Tulicheka sana. Hakuwa mlevi. Zamani nyumba yake aliijua kwa mti uliokuwa nyuma yake na kwa namna ukuta wa zizi ulivyopinda. Sasa hakukuwa na kitu kilichopinda.

Mimi nilipenda ile mistari. Niseme ukweli, niliipenda kuliko matembe. Ndiyo maana karatasi ya herufi iliponifikia, ilinishika moyo.

Ilikuwa imechapwa mjini, nyeusi juu ya nyeupe, kubwa na ndogo. Afisa aliileta pamoja na madebe, akatueleza kwamba mbao zote za madarasa ya kisomo katika eneo letu zitaandikwa kwa herufi hizo, ili mtu akijifunza hapa aweze kusoma kule. Alisema herufi za zamani zilizomo katika vitabu vya misheni ni za kizungu na za kizee, zimejaa mapambo. "Hizi hazina kabila," alisema. Nilikaa nayo karatasi ile kutwa nzima. Niliweka ncha ya bikari katikati ya o, nikazungusha, na penseli ikapita juu ya wino bila kutoka nje. Duara kamili. Nikajaribu c, lilikuwa duara lile lile lililofunguliwa mdomo. Nikajaribu e, a, b, d, p, zote zimetoka kwenye o moja kama watoto wa mama mmoja, tofauti yao ni fimbo tu na mahali ilipowekwa. Hakuna herufi iliyokuwa na mstari mnene kuliko mwenzake. Kwa kijana wa miaka ile, aliyekuwa akisikia habari za usawa asubuhi na jioni, niliona kama mtu ameuchora ujamaa wenyewe kwa bikari.

Kisha nikaanza kuzikata, na nikagundua kwamba hazikuwa nyepesi kama zinavyoonekana. O ya bikari iliyo sawa kabisa kwa urefu na jirani zake inaonekana ndogo ukisimama mbali, lazima uipandishe kidogo juu ya mstari na kuishusha kidogo chini. Mahali ambapo duara linagusa fimbo panakuwa peusi kama doa, lazima upanyooshee mkasi, upapunguze. Na herufi yenye tumbo ukiikata tundu kwenye bati ili chokaa ipenye hadi ubaoni, tumbo linadondoka chini na kubaki shimo tupu, kwa hiyo unaacha vidaraja viwili vyembamba vya kulishikilia. Mambo hayo hakunifundisha mtu. Niliyapata kwa kukata, kutundika ukutani, kurudi nyuma hadi kwenye kichuguu, kutazama, na kurudi kukata. Nilisahau kula.

Sasa nimtaje baba yangu, kwa kuwa darasa la kisomo lilikuwa lake.

Baba alijifunza kusoma misheni akiwa mtu mzima, na alifundisha jinsi alivyofundishwa. Mchana, watu wakirudi shamba, aliwakusanya ghalani na kuwaandikia ubaoni kwa chaki, kwa mkono wake, herufi za kile kitabu cha misheni, zenye vimiguu chini na vikofia juu. Kila herufi aliipa mwendo. Alisema herufi zote zinasafiri kwenda upande wa kulia, kule macho yanakokwenda, na miguu yao inaelekea huko. b ni mjamzito, tumbo limetangulia mbele. d ni mama aliyembeba mtoto mgongoni. Akina mama walicheka, lakini hawakuzisahau. Ungemwandikia mmoja wao b iliyogeuka, asingesema ni d. Angesema, "Mwalimu, huyu mjamzito miguu yake inarudi nyuma."

Nilipomaliza kukata bati langu la kwanza nilimpelekea. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akalishika bati, akalitazama upande huu, akaligeuza, akalitazama upande ule.

"Hii inakwenda wapi?" akaniuliza.

"Haiendi popote, baba. Haina miguu."

"Naona. Sasa siku ikigeuka, nani atajua?"

Nilimwona mzee wa misheni. Lakini swali lile lilinitosha, na ndilo nililokuwa nalo kichwani siku afisa aliposimama mlangoni na kofia yake. Ningemwambia: kila moja ikatwe peke yake, na madebe yakipungua tungojee mengine. Angenuna tu. Badala yake nilikata bati moja la b, d na p, na nikajisifu kwa akili ya kubana matumizi. Vijana wakalipa jina, "baba-dada-papa." Bati moja, familia nzima.

Katika darasa lile alikuwamo mke wangu.

Tulikuwa tumeoana msimu wa mavuno uliotangulia. Hakuwahi kwenda shule. Alikuwa na kaka yake aliyekwenda Tanga kukata mkonge, ambaye aliandika barua mara moja moja, na barua hizo alisomewa na mwenye duka. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani kwenda kisomo. Alinieleza tukiwa tunapura uwele. "Yule mtu anacheka kwanza," alisema, "halafu ndiyo ananisomea. Kaka yangu anaandika jambo la kuchekesha, wa kwanza kucheka ni yeye. Mimi napata kicheko kilichokwisha tumika." Alitaka barua moja tu ya kaka yake acheke yeye kwanza. Sijawahi kusikia sababu nzuri kuliko hiyo ya mtu kujifunza kusoma, na nimewasikia wengi wakihutubia juu ya jambo hilo.

Shida ilikuwa mwalimu. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hawapishani mlangoni, hawali chungu kimoja, na akimkuta njiani anaacha njia. Wanawake wengine walisema haiwezekani akae darasani kwa mkwewe. Baba mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alimtuma mama amwambie akae pembeni karibu na dirisha, na yeye atasimama upande wa pili wa ubao, na hatamwita. Wasitazamane. Atazame ubao tu.

Ndivyo alivyosoma. Na nilikuja kuelewa baadaye kwamba mila ile ndiyo iliyomfanya awapite wote. Wanafunzi wengine walisoma uso wa mwalimu. Walisema "ba" wakimtazama baba, akitikisa kichwa wanasema "da," akitabasamu wanaendelea. Sentensi ikirudiwa siku mbili tatu wanaishika kama wimbo na hawana haja ya ubao tena. Mke wangu hakuwa na uso wa kumsaidia. Alikuwa na ubao peke yake. Zilipokuja herufi zangu za bati, wengine hawakuona tofauti, kwa kuwa hata zile za zamani hawakuwa wakizitazama sana. Yeye aliziona siku ya kwanza. Jioni aliniambia, "Huyu b na huyu d ni mtu mmoja. Amegeuka tu." Nikamwambia ndiyo, ni bati moja. Akafikiri. "Basi inabidi kumwangalia tumbo kila mara," akasema. "Huwezi kumzoea."

Kabla ya mvua nyingine, alisoma jina la kijiji kwenye kibao nilichokipaka rangi barabarani. Alisoma neno chumvi kwenye mfuko dukani, mbele ya mwenye duka. Alikuwa akingojea tu barua ya kaka yake.

Ikaja siku ya mtihani. Afisa alikuwa aje na wageni wa wilaya kuona darasa, na kwangu kulikuwa na jambo jingine. Alikwisha kunidokeza kwamba kazi ya mbao ikiwapendeza wageni, nitachukuliwa mjini niwe mwandishi wa mabango yote ya vijiji, kwa mshahara. Nilikuwa siwezi kusimama mahali pamoja. Nilifuta ubao mara nyingi bila sababu. Nilikuwa bado nimeshika kitambaa cha maji vumbi la Landrova lilipoonekana upande wa barabara kuu, na ubao ukiwa mtupu.

Sentensi ya mtihani ilikuwa baba analima mtama. Tulikuwa tumeirudia darasani mpaka watoto wachunga mbuzi waliijua. Nikaweka chokaa kwenye kopo, nikachukua mabati yaliyokuwa juu ya gunia, nikaanza kugonga kwa kitambaa kilichofungwa pamba: bati, gonga, bati, gonga. Mabati yalikuwa yametapakaa chokaa pande zote mbili. Nilimaliza gari likizima moto nje. Nilisimama kando, nikaona mistari imenyooka, nafasi kati ya herufi ni nzuri, na sikusoma. Nilitazama umbo la kazi yangu kama mtu anavyotazama kiatu kipya.

Wageni wakakaa kwenye viti. Afisa alisimama na karatasi yake ya majina na sentensi. Baba alisimama upande wa pili wa ubao, ameupa mgongo, anawatazama wanafunzi wake. Wa kwanza akasimama, bibi mmoja wa makamo, akasema kwa sauti ya kuimba, "Baba analima mtama." Wageni wakapiga makofi. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu pia. Kisha afisa akamwita mke wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimempenyezea jina, ili wageni waone msomaji hasa.

Akasimama kando ya dirisha, macho kwenye ubao.

"Dada analima mtama," akasoma.

Ghala likapasuka kwa kicheko. Mtu wa mahali pengine asingeona kichekesho kikubwa hapo. Lakini baba mwenye darasa ni baba mkwe wake, yuko pale amesimama, na mke wa mwanawe, ambaye hata jina la mzee halitamki, amemgeuza mwanamke mbele ya wageni. Mama mmoja akasema, "Mleteeni mzee kanga, jamani, anasikia baridi." Mzee mmoja nyuma akaongeza kwamba kuanzia leo tumwite shangazi. Hata afisa alicheka, karatasi ikimtetemeka mkononi.

"Mama, usiogope," akasema. "Tazama vizuri. Soma tena."

Akatazama vizuri. Nilimwona akiinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akichambua mchele, akiangalia tumbo. "Dada," akasema, polepole, "analima mtama."

Wakacheka zaidi, na hapo ndipo nami nikausoma ubao.

Tumbo lilikuwa nyuma. Herufi zote mbili. Nilikuwa nimelishika bati kinyume, nikaligonga kinyume, na pale juu palikuwa pameandikwa, kwa maandishi mazuri yenye nafasi sawa, dada analima mtama. Watu wote waliomtangulia walikuwa wamekariri. Afisa alikuwa akisoma karatasi yake. Baba alikuwa ameupa ubao mgongo. Ndani ya ghala lile lote aliyekuwa amesoma ni mtu mmoja.

Hakuweza kumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Hilo ndilo linaloninyima utulivu. Haikuwa kufumba na kufumbua. Nilimtazama, nikautazama ubao, nikamtazama mgeni mkubwa aliyekuwa ameketi katikati na mguu juu ya mguu, nikafikiria mshahara. Nilifikiri pia, nakumbuka, kwamba nikisema ni kosa la bati watauliza nani alikata bati moja badala ya matatu, na afisa ataaibika, na nani atamchukua mtu aliyemwaibisha.

"Sema baba," nikamwambia.

Akateremsha macho mpaka sakafuni. "Baba analima mtama," akasema, bila kuutazama ubao tena.

Afisa akaweka alama kwenye karatasi. Alifaulu. Mke wangu alifaulu mtihani wa kusoma kwa kuacha kusoma.

Wageni walipokwenda kunywa uji, nilichukua kitambaa cha maji nikaifuta ile d, kisha ile nyingine, nikaweka bati vizuri na kugonga b mbili mahali pake. Chokaa hukauka upesi. Jioni tukiwa njiani kurudi nyumbani, yeye nyuma yangu, akaniuliza, "Uliiona?"

"Niliona nini?"

"Ile herufi ya mwanzo. Tumbo lake."

"Ulikuwa na woga," nikasema. "Wageni wanatia woga."

Kesho yake asubuhi alichukua mtungi akaenda kisimani kwa njia ya ghalani, ambayo si njia ya kisima. Nilimfuata kwa macho kutoka mlangoni; mlango wa ghala ulikuwa wazi, na ubao ulionekana. Alisimama mbele ya ubao kwa muda, mtungi kichwani, akanyoosha kidole akaligusa tumbo la herufi ya kwanza. Lilikuwa mbele, mahali linapotakiwa. Akaondoka. Ningeweza kukimbia hadi pale.

Baba yake mke wangu alikuja na mbuzi, kwa kuwa kumtukana baba mkwe si jambo la kuacha hivi hivi, hata kama ni kwa ulimi kuteleza. Baba alimpokea mbuzi, maana kumkataa kungekuwa tusi la pili. Lakini hakurudi ghalani. Alisema mwanafunzi akikosea mbele ya wageni, aliyekosea ni mwalimu, na mzee hawezi tena kusimama pale huku mkwe wake akijificha. Darasa wakampa kijana wa mgambo, aliyefundisha kwa nyimbo. Mke wangu hakuhudhuria. Barua ya kaka yake ilipofika, aliichukua akaipeleka dukani bila hata kuifungua. Mwenye duka alicheka kwanza.

Mimi nilichukuliwa mjini.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, sitasema uongo wa unyenyekevu. Nilipanda malori na mikebe ya rangi na furushi la mabati, nikaandika zahanati, josho, ghala, ofisi ya kijiji, shule ya msingi. Niliandika Ilongero, nikasumbuka na ile I kubwa na l ndogo zinazofuatana, maana kwa herufi zile zote mbili ni fimbo tupu, hakuna anayeweza kuapa ni ipi. Nikaandika jina lote kwa herufi kubwa, likatulia. Niliandika Kinampanda, yenye a tatu, maduara matatu yanayotembea kwenye kibao kama magurudumu. Watu walisimama kunitazama na kusema mwandishi huyu mkono wake hautetemeki. Popote nilipokwenda nilikuwa na bati la b na bati la d, mawili tofauti, niliyakata kwa fedha yangu wiki ile ile niliyofika mjini. Bati lile la b, d na p nililikunja nikalitupa chooni.

Nilikuwa nikitoka mahali pamoja kabla rangi haijakauka, nikienda mahali pengine. Walisema ni bidii. Nyumbani nilifika kwa kupitia. Nilimwandikia mke wangu, na barua zangu alisomewa na katibu wa kijiji, kwa hiyo niliandika kama mtu anayezungumza mkutanoni: mimi ni mzima, natumaini nanyi ni wazima, mvua huku si haba. Mara moja nilianza kumwandikia habari ya ubao. Nilifika katikati nikaisikia sauti ya katibu ikiisoma, na watu wamekaa kwenye benchi la ofisi, na mke wangu amesimama. Nikaichana. Kumbe jambo lile lingeweza kusemwa tu kwa mtu anayejua kusoma.

Na ana kwa ana? Nilikuwa na miaka mingi ya ana kwa ana. Tulizaa, tulizika mmoja, tulisomesha wengine. Kisa cha "dada analima" kiligeuka kuwa mzaha wa ukoo. Katika kila harusi alikuwapo mtu wa kukirudia, na mke wangu mwenyewe alijifunza kukisimulia, akiiga sauti ya afisa, akiigiza macho yake yanavyotafuta. Alikisimulia vizuri kuliko wote. Mimi nilitoka nje kuangalia ng'ombe.

Nilimwambia tukiwa wazee. Mjukuu wetu wa darasa la kwanza alikuwa amekaa mlangoni na kitabu chake, kimeandikwa kwa herufi zile zile za duara, akachanganya b na d, mwalimu akawa amemchapa. Bibi yake alikuwa anapepeta uwele. Akamwambia, "Usilie. Mimi nilimwita mkwe wangu dada mbele ya serikali." Mtoto akacheka, akafuta machozi. Nami, sijui ni nini kilinisukuma, nikasema papo hapo yote: bati moja, chokaa, haraka, tumbo nyuma, kitambaa cha maji.

Alipepeta kidogo. Makapi yalitoka yakaangukia miguuni pangu.

"Mzee," akasema, "umeanza lini kuwa na huruma namna hii?"

"Si huruma. Ndivyo ilivyokuwa. Ulisoma sawasawa."

"Nilikwenda kuangalia kesho yake. Ilikuwa baba."

"Niliifuta."

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu anayekuletea kiti ambacho hukukihitaji. Nilichukua ungo wa unga uliokuwa karibu, nikachora kwa kidole b, na kando yake d, nikamwambia atazame, aniambie ipi ina tumbo mbele. Alitazama. Nakumbuka alijaribu kweli. Kisha akatikisa ungo, herufi zikapotea ndani ya unga.

"Ni maduara na vijiti tu," akasema. "Mimi sikuzaliwa na macho ya kusoma. Mbona ulikuwepo, ukaniambia mwenyewe ni woga."

Akaendelea kupepeta. Sikurudia tena habari hiyo, wala yeye hakuiuliza. Ameshatangulia sasa, na mimi nabaki kutazama mabango.

Bati lile moja lilinipa kazi, na kazi ilinipa nyumba hii. Gharama yake ninaijua. Mke wangu alijua kusoma. Mimi nilimwambia hajui. Aliniamini, na amekufa akiniamini.